Kijana Aliyevaa Pedi Siku Mbili

Historia huwataja watu kwa yale waliyoyatenda. Ni nadra sana kumtaja mtu kwa kungoja. Lakini yupo mmoja, Amol Muzumdar wa Bombay, ambaye kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa sababu hiyo hasa. Mwezi wa Februari 1988, akiwa kijana wa miaka 13, alikaa kando ya uwanja siku nzima na sehemu ya siku ya pili, pedi miguuni, akisubiri mwenzake mmoja atolewe ili naye aingie kupiga. Hakutolewa mtu. Timu yake ikafunga zamu, kijana akavua pedi zake, akaenda kudaka mipira pamoja na wenzake. Katika kitabu cha alama cha mechi ile yeye ni mtu ambaye hakupiga, basi.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza kriketi imeingiaje katika kurasa hizi za hadithi na mashairi. Vuta subira. Mimi si mchezaji wa kriketi. Kilichonivuta ni swali ambalo kila kijana anayeandika hujiuliza usiku, hata kama mchana hujifanya hana habari nalo: wale tunaoanza pamoja, darasa moja, mwalimu mmoja, mbona mmoja hufika na wengine huishia njiani? Na je, ni nani anayeamua kwamba huku ni kufika na kule ni kuishia njiani? Msimu ule wa 1988 wa wavulana wa shule za Bombay unalijibu swali hili kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana wengi wetu tunaipita kriketi tu tukiwa ndani ya daladala au matatu, tukaona watu wenye nguo nyeupe wamesimama juani kama waliosahauliwa. Timu moja hupiga, nyingine hurusha na kudaka. Wapigaji huingia wawili wawili, mmoja huku na mwingine kule. Kila wakibadilishana nafasi baada ya kuupiga mpira wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja kwa kubiringika ni mikimbio minne, ukivuka bila kugusa chini ni sita. Mpigaji akitolewa, mwingine anaingia. Asipotolewa, anaendelea. Hakuna kipenga cha dakika 90. Ukiwa hodari, na wanaokurushia wakiwa wamechoka, unaweza kupiga mpaka jua litue, ukalala, ukarudi kesho yake. Nahodha au kocha akiona zinatosha hufunga zamu mwenyewe ili wapinzani nao wapige.

Sasa Bombay. Mji huu, ambao tangu 1995 unaitwa rasmi Mumbai, si mgeni kwetu watu wa pwani. Majahazi yamekwenda na kurudi kati yake na Mombasa na Unguja kwa karne nyingi, na maneno nayo yakasafiri. Katikati ya mji kuna uwanja mkubwa wa wazi unaoitwa Azad Maidan. Hilo "maidan" ni ndugu wa "medani" yetu, neno lile lile la Kiarabu lililopanda vyombo tofauti. "Azad" maana yake huru. Ndani ya medani hiyo kuna viwanja vidogo 22 vya kriketi, vimebanana hivi kwamba mdakaji wa mechi hii anaweza kusimama karibu na mpigaji wa mechi ile. Kila mmoja anaufuata mpira wake, na asipoangalia atagongwa na wa jirani.

Medani hii ina historia ya ugomvi. Enzi za ukoloni Waingereza walicheza polo katika sehemu hizo, na kwato za farasi wao zilichimba ardhi ambayo vijana wa Kihindi waliitumia kwa kriketi. Wahindi wakaandika barua za malalamiko, mwaka baada ya mwaka, na mmoja wao, Shapoorjee Sorabjee, akaitungia kabisa kitabu vita hiyo mwaka 1897. Gavana wa Bombay kuanzia 1890 hadi 1895 alikuwa Lord Harris, aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya Uingereza. Jina la bwana huyo ndilo lililobandikwa kwenye ngao inayogombewa na shule za sekondari, Harris Shield, mashindano yaliyoanza katika miaka hiyo ya 1890. Mkoloni akaondoka, jina la ngao likabaki, na watoto wa mafundi na makarani wakaigombea kama kwamba tangu mwanzo ilikuwa yao. Ndivyo ilivyo. Si sisi tunaandika kwa herufi zilizoletwa na wengine?

Shule iliyotikisa msimu ule ilikuwa Sharadashram Vidyamandir, ya mtaa wa Dadar. Nyuma ya shule alikuwepo mzee mmoja, Ramakant Achrekar. Yeye mwenyewe alicheza mechi moja tu ya daraja la kwanza maishani mwake, kisha akageukia kufundisha watoto katika uwanja wa Shivaji Park. Alikuwa na skuta, na alimpakia mwanafunzi wake nyuma, akamkimbiza kutoka mechi hii hadi mechi ile ili kwa siku moja apige zamu mbili tatu. Jioni, kijana akiwa hoi, mzee aliweka sarafu ya rupia moja juu ya vijiti: atakayemtoa mpigaji huyu aichukue, na asipotolewa ni yake. Kusifu hakujui. Wanafunzi wake wamesimulia mara nyingi kwamba hawakuwahi kumsikia akisema "umecheza vizuri".

Wanafunzi wake wawili ndio tunaowafuata. Wa kwanza ni Sachin Tendulkar, aliyezaliwa Aprili 1973. Baba yake, Ramesh Tendulkar, alikuwa profesa, mwandishi wa mashairi na riwaya katika lugha ya Kimarathi. Kwa hiyo ndiyo, ndugu zangu watunzi, kijana huyu alikuwa mtoto wa mshairi. Alihamishwa shule kwa ushauri wa Achrekar, akakaa kwa jamaa zake karibu na Shivaji Park ili muda usipotee kwenye basi. Wa pili ni Vinod Kambli, aliyezaliwa Januari 1972. Huyu alitoka Kanjurmarg, kitongoji cha mbali, familia ya kipato kidogo, na kila siku aliubeba mfuko wake wa vifaa ndani ya treni zile za Bombay ambazo hata mtu asiye na mzigo hupata taabu kusimama. Walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Kabla ya msimu kuanza, kulikuwa na jambo dogo. Mwaka 1987 chama cha kriketi cha Bombay kilitoa tuzo ya mchezaji bora kijana. Tendulkar aliitarajia, hakupewa. Sunil Gavaskar, ambaye wakati huo alikuwa ndiye mwenye mikimbio mingi kuliko wote duniani katika mechi za kimataifa za siku tano, akamwandikia barua ya kumtia moyo. Alimweleza kwamba akiitazama orodha ya waliowahi kuipata tuzo hiyo ataona kuna jina moja limekosekana, na mwenye jina hilo hakufanya vibaya sana baadaye. Jina lenyewe lilikuwa la Gavaskar. Barua hiyo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila mtu aliyewahi kupeleka hadithi kwenye shindano asirudishiwe hata salamu.

Basi ikafika nusu fainali, tarehe 23 Februari 1988, hapo hapo Azad Maidan, Sharadashram dhidi ya St. Xavier's High School. Wapigaji wawili wa Sharadashram walikuwa wameshatoka na timu ilikuwa na mikimbio 84 pale Tendulkar alipoungana na Kambli. Mmoja ana miaka 14, mwingine 16. Anayengoja baada yao, amevaa kila kitu tayari, ni Muzumdar.

Wakaanza kupiga. Wakapiga mpaka jioni. Kocha msaidizi, Laxman Chavan, aliona imetosha, akataka zamu ifungwe. Wenyewe wamesimulia walivyofanya: waliigeuzia migongo sehemu aliyosimama, wakajifanya viziwi, wakawa wanaimba na kupiga. Kesho yake wakaendelea. Mwisho ikabidi Mwalimu Achrekar mwenyewe, ambaye hakuwapo uwanjani, apigiwe simu. Mzee akatoa amri ya kufunga. Kambli alikuwa na 349, akaomba aruhusiwe mkimbio mmoja tu atimize 350. Hakuruhusiwa. Kwa mzee yule, amri ilikuwa amri.

Ubao ukasoma hivi: Sharadashram 748, waliotolewa wawili. Kambli 349, hakutolewa. Tendulkar 326, hakutolewa. Kwa pamoja waliongeza mikimbio 664 bila kuachana, na kabla yao hakukuwa na wawili wengine duniani, wakubwa au wadogo, waliojulikana kufikisha idadi hiyo. Rekodi ya zamani, 641, ilikuwa imekaa tangu msimu wa 1913-14 huko Victoria, Australia. Kisha St. Xavier's wakaingia kupiga, miguu mizito baada ya kukimbizwa juani muda wote ule, wakatolewa wote kwa 145. Aliyewamaliza ni nani? Kambli yule yule: aliwatoa sita, akiwapa mikimbio 37 tu.

Hapa naomba tusimame kidogo. Leo mechi hii husimuliwa kama utabiri, kana kwamba wote waliokuwepo walimwona mfalme mtoto wakajua. Si kweli. Chukua kitabu cha alama peke yake, usahau yaliyofuata, kisha chagua mmoja. Kambli ana mikimbio mingi zaidi. Kambli ana wiketi sita. Ungekuwa mwandishi wa gazeti jioni ile, kwa haki kabisa kichwa cha habari kingekuwa chake. Ni kweli kwamba Tendulkar alikwenda fainali dhidi ya Anjuman-i-Islam akapiga 346, hakutolewa tena, na jumla yake katika mashindano yale ikapita elfu moja. Lakini siku ile ya nusu fainali hakukuwa na nyota na kivuli chake. Kulikuwa na wavulana wawili na mmoja anayengoja.

Historia ina tabia mbaya ya kusomwa kinyumenyume. Tunajua mwisho, tunarudi mwanzo na kuupaka rangi ya mwisho. Kwa mwandishi huo ni ugonjwa. Ukimwandika mhusika wako ukiwa umeshamhukumu, kila analofanya litakuwa dalili tu, halitakuwa tendo.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayaeleza kwa ufupi. Tarehe 15 Novemba 1989, mjini Karachi, Tendulkar aliichezea India mechi yake ya kwanza ya kimataifa akiwa na miaka 16. Alicheza mpaka Novemba 2013: mechi 200 za siku tano, mikimbio 15,921 katika hizo, na mara 100 alifikisha mikimbio mia katika mechi za kimataifa za aina zote. Hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yake.

Kambli alichelewa kidogo, lakini alipoingia aliingia kwa kishindo. Mwaka 1993 alipiga 224 dhidi ya Uingereza mjini Bombay, na katika mechi iliyofuata akapiga 227 dhidi ya Zimbabwe mjini Delhi. Katika mechi 17 za siku tano alikuwa na wastani wa 54.20, wastani ambao wachezaji wengi wakubwa wamestaafu bila kuugusa. Mwaka 1995 mlango ule ukafungwa. Alikuwa na miaka 23, na hakuitwa tena kwa mechi za siku tano. Aliendelea na zile za siku moja mpaka mwaka 2000. Katika Kombe la Dunia la 1996 alipiga 106 dhidi ya Zimbabwe, na siku saba baadaye, nusu fainali na Sri Lanka mjini Calcutta, India ikaanguka vibaya, mashabiki wakarusha chupa na kuwasha moto majukwaani, mechi ikasimamishwa na Sri Lanka ikapewa ushindi. Kambli alikuwa bado hajatolewa. Akatoka uwanjani analia, na picha ile ikamganda kuliko zile mia mbili zake mbili.

Kuhusu kuanguka kwake yamesemwa mengi: eti mpira unaorukia kifuani ulimshinda, eti starehe, eti majeraha, eti wateuzi. Huenda kila moja lina chembe ya ukweli. Mimi naogopa watu wanaotaka jibu moja. Tukishapata jibu moja tunapumua, tunasema "aa, kumbe ni hilo", tunajiona salama kwa sababu sisi hatuna kasoro hiyo. Kumbe aliyetoka Kanjurmarg na treni na aliyekaa karibu na uwanja hawakuanzia mstari mmoja, hata kama alama zao zilikaribiana. Na hilo pia si jibu zima.

Halafu Muzumdar. Mwaka 1994, katika mechi yake ya kwanza ya daraja la kwanza kwa Bombay, alipiga 260 dhidi ya Haryana. Kwa miaka zaidi ya 20 hakuna mtu popote aliyempita kwa mechi ya kwanza. Watu wakasema huyu ndiye Tendulkar mpya. Balaa ni kwamba Tendulkar wa zamani alikuwa bado kijana, na kando yake wakaingia Rahul Dravid, Sourav Ganguly na V. V. S. Laxman. Nafasi za katikati ya timu ya India zikajaa, zikabaki zimejaa kwa zaidi ya miaka kumi. Muzumdar alicheza mechi 171 za daraja la kwanza, akakusanya mikimbio 11,167, akaiongoza Mumbai kutwaa ubingwa wa taifa msimu wa 2006-07, akastaafu mwaka 2014. Jezi ya India hakuivaa hata siku moja. Yaani yaliyomkuta akiwa na miaka 13 yakamkuta tena akiwa mtu mzima: amejiandaa, yuko tayari, na walio mbele yake hawatoki.

Wa nne katika msimu huu huwa anasahaulika. Miongoni mwa waliorusha mipira kwa upande wa St. Xavier's alikuwepo Sairaj Bahutule. Fikiria kurusha mpira kwa siku mbili, wote unarudishwa mpakani. Mwingine angeacha mchezo, akaenda kusoma uhasibu. Mwaka 1990 aliumia vibaya katika ajali ya gari. Akarudi. Mwaka 2001 akaichezea India mechi mbili za siku tano. Mbili tu, lakini ni mbili zaidi ya kijana aliyengoja upande ule mwingine. Mpira una maajabu yake.

Sasa mtu ataniuliza: ni jambo la kusifia kweli, timu moja ya watoto kuiponda nyingine kwa tofauti ya mikimbio 603? Ni swali zuri, na nadhani wapenzi wa rekodi hulikimbia. Kwa upande mmoja, mpigaji mdogo akikosea mara moja tu, ametoka. Hana nafasi ya pili mpaka zamu nyingine. Ndiyo maana Bombay iliwafundisha watoto wake kwamba ukipata nafasi usiitupe, mia moja haitoshi, anza upya kana kwamba una sifuri. Hiyo ni elimu. Kwa upande wa pili, elimu ya mmoja ilinunuliwa kwa jasho la wengine 11 waliokuwa wakikimbiza mpira.

Mambo haya hayakuanzia wala kuishia 1988. Mwezi wa Juni 1899, katika shule ya Clifton College mjini Bristol, Uingereza, mvulana wa miaka 13 aitwaye A. E. J. Collins, aliyezaliwa India, alipiga 628 bila kutolewa katika mechi ya mabweni iliyochezwa alasiri kadhaa. Magazeti yakamfanya maarufu. Akawa mwanajeshi, akauawa Ypres tarehe 11 Novemba 1914, akiwa na miaka 29. Rekodi yake ilikaa mpaka Januari 2016, pale Pranav Dhanawade, mtoto wa dereva wa bajaji huko Kalyan, nje ya Mumbai, alipopiga 1,009 bila kutolewa. Timu yake ilifunga zamu ikiwa na 1,465. Wapinzani walipata 31, wakarudi wakapata 52. Chama cha kriketi kikampangia kijana posho ya kila mwezi. Mwaka uliofuata familia yake yenyewe ikaomba isimamishwe kwa kuwa kiwango chake kilikuwa kimeshuka. Nimelisoma jambo hilo na kulirudia. Elfu moja na tisa, na mwaka mmoja baadaye anaonekana ana deni! Sisi wakubwa na magazeti yetu ndio tuliomkopesha matarajio bila kumuuliza kama anayahitaji.

Kuna uzi mwingine unaotufikia sisi moja kwa moja. Mwezi wa Mei 1999, Kombe la Dunia likichezwa Uingereza, Ramesh Tendulkar, yule baba mshairi, alifariki. Mwanawe aliruka kwenda kuzika, akarudi, na tarehe 23 Mei, katika mji ule ule wa Bristol wa kijana Collins, akapiga 140 bila kutolewa. Waliokuwa upande wa pili ni Kenya. Wakenya walifungwa kwa mikimbio 94 siku hiyo, lakini Steve Tikolo na Kennedy Otieno kila mmoja alivuka hamsini, na hawakuwa timu ya kuonewa huruma. Miaka mitatu nyuma yake, tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, si mbali sana na Bombay, Kenya ya Maurice Odumbe ilikuwa imewatoa West Indies kwa 93 baada ya yenyewe kupata 166. Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia, na ikakutana na India na Tendulkar huyo huyo. Kwa hiyo vijana wa Nairobi wamo katika kitabu hiki. Wanasubiri tu mtu awaandike kwa lugha ya nyumbani.

Mwalimu Achrekar alifariki tarehe 2 Januari 2019. Tarehe 3 Desemba 2024 kumbukumbu yake ilizinduliwa Shivaji Park. Tendulkar alikuwepo. Kambli naye alikuwepo, amekaa kwenye kiti, afya imemchosha. Mwenzake alipomwendea, Kambli alimshika mkono na kwa muda hakutaka kuuachia. Watu waliitazama picha hiyo dunia nzima wakasema, tazama mmoja alivyopanda na mwingine alivyoshuka. Mimi nimeona wavulana wawili wa mwalimu mmoja. Sijui kwa nini kila mara ni lazima tuwapime.

Na yule wa pedi? Baada ya kustaafu aligeukia kufundisha, kama mwalimu wake. Mwezi wa Oktoba 2023 alikabidhiwa timu ya taifa ya wanawake ya India. Tarehe 2 Novemba 2025, kwenye uwanja wa DY Patil, Navi Mumbai, ng'ambo tu ya mji aliokulia, timu yake iliifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52 na kutwaa Kombe la Dunia, la kwanza kwa wanawake wa India. Nahodha Harmanpreet Kaur akainama akamgusa miguu, heshima ambayo kwao hupewa mzazi na mwalimu. Wepesi wa kuhitimisha watasema subira yavuta heri. Methali ni tamu, lakini nakataa kuitumia hapa. Wangapi wamesubiri na heri haikuja? Kombe lile halikulipa deni la jezi aliyonyimwa. Lilikuwa kazi nyingine, iliyofanywa na mtu ambaye alijifunza mapema jinsi ya kukaa tayari bila kuoza moyo.

Ndugu msomaji, tunaoandika tunafanya kazi ya mwenye kitabu cha alama. Kitabu kile ni cha haki na ni cha ukatili: aliyepiga anaandikwa alichopiga, asiyepiga anaandikwa hakupiga. Hakina safu ya aliyeimba ili asimsikie kocha, ya aliyekuja na treni, wala ya mdakaji wa St. Xavier's ambaye alasiri ya siku ya pili aliufukuza mpira mpaka mpakani kwa mara ambayo hata yeye alishaacha kuhesabu, akaurudisha, akasimama tena mahali pake. Safu hiyo ni yetu kuijaza. Kila shule ya Dar, Mombasa na Nairobi ina msimu wake, wa kriketi au kandanda au netiboli, umeandikwa katika daftari lililo kwenye kabati la mwalimu wa michezo, na mchwa wanalisoma kabla yetu. Waliocheza bado wapo. Nenda kawaulize, na ukifika, usianze na aliyefunga magoli.